Gauni Lisilo na Mgongo

Evaresta alikuwa ameshona nguo pale Kituntu kwa miaka thelathini na minane, na Jumanne hiyo, akifumua mkono wa gauni la Liliane kwa mara ya nne, alikata shauri kwamba amezeeka na kazi imemshinda. Sendofu, sherehe ya kumuaga Liliane kabla ya harusi, ilikuwa Jumamosi. Kokwijuka, mama yake Liliane, alikwishatangaza kanisani, sokoni na kwa wakwe wa Mabira kwamba binti yake atavalishwa na Evaresta. Gauni likiharibika, wote walijua ni jina la nani litakaloharibika nalo.

Si kwamba alikuwa mgeni wa kushona kwa picha. Ushonaji alifundishwa na mtawa wa parokia aliyekuwa akiletewa majarida ya mitindo kutoka Ulaya, na katikati ya kila jarida mlikuwa na karatasi kubwa iliyokunjwa, yenye michoro ya vipande vyote vya nguo, mbele na nyuma. Ukiweza kuifuata mistari ile bila kupotea, umeshona. Baadaye yakaja majarida ya Kampala na Nairobi, yenye kina mama walionona na vitenge vya kung'aa. Karatasi ya vipande haikuwamo tena, lakini walau mmoja wao alikuwa amegeuka, ukaona zipu inapita wapi. Kisha zikaja posta za ukutani, picha arobaini kwenye karatasi moja, zote za mbele, kila picha na namba yake. Mteja anaingia, anasema nishonee kumi na saba, anaondoka zake. Migongo ikaishia hapo. Siku hizi wanakuja na simu, picha moja tu, na fundi ajaze mwenyewe yaliyobaki.

Alijaza miaka yote hiyo. Nguo haikutoka mlangoni kwake mpaka aigeuze nje ndani na kuona haina cha kuonea aibu. Mafundi wenzake walimwambia anajichosha bure, na kweli alichoka. Macho yalimwasha, kiuno kilimkatika, na ikifika saa tisa alasiri vidole havikunjiki.

Lakini gauni hili lilimgomea. Katika picha, mkono ulianzia kiunoni bila mshono wowote, ukapanda begani, ukashuka tena ukawa ndio sketi, satini ile ile moja. Alikata, akapachika, akafumua. Jumatano asubuhi alivaa miwani, akaikuza picha aliyotumiwa na Liliane ili autafute mshono kwa mara ya mwisho kabla ya kwenda kwa Kokwijuka kukiri kwamba hawezi. Jicho likatua kwenye kiganja cha mwanamke wa pichani. Kilikuwa na vidole sita.

Alihesabu tena. Ndipo akaelewa kwamba gauni lile halijawahi kukatwa na mkasi wa mtu. Kompyuta ndiyo iliyolibuni, pamoja na huyo mwanamke wake. Evaresta aliketi, akacheka peke yake, kisha machozi yakamtoka. Hakuwa amezeeka. Alikuwa anashindana na kitu kisichokuwepo.

Liliane alipokuja kulijaribu gauni na kuamkia, Evaresta akamwonyesha vile vidole kabla hata hajamkaribisha kiti. Msichana hakushtuka.

"Hilo nalijua, mama," alisema. "Mbele tu lifanane, waitu, tafadhali. Nyuma weka hata pini. Nani atanipiga picha ya mgongo?"

Evaresta alitaka kubishana, akachukua mkasi. Alishona mbele kama ilivyotakiwa. Nyuma alivuta satini kwa uzi mnene, akaibana kwa pini kumi na tisa, akaifunika kwa mtandio. Jumamosi Liliane alisimama saa tatu nzima kwa sababu asingeweza kuketi. Simu zikainuliwa, vigelegele vikapigwa, na Kokwijuka akapita meza kwa meza akimtaja fundi wake. Evaresta aliona aibu kila alipotajwa.

Jumatatu wasichana watatu walikuwa mlangoni, kila mmoja na picha ya Liliane kwenye simu. Aliwaambia ukweli wote: gauni lile halikaliki, halifuliki, na kesho yake halivaliki tena. Walimsikiliza kwa adabu, kisha mmoja wao akasema hawana shida, watasimama. Evaresta aliwaza magauni yote aliyoyashona vizuri, mengine mama akaolewa nayo na binti akaja kuyavaa, na hakukumbuka hata moja lililomletea wateja watatu kwa asubuhi moja. Ilimuuma kuliko kiuno.

Akachukua futi. Aliwapima kifua, akapima kiuno, akapima urefu wa mbele, akaandika. Upana wa mgongo hakuupima, na hakuna aliyemuuliza.