Mkia wa Kitabu

Kila mwaka ukikaribia kuisha, simu yangu hujaa upuuzi. Wenzangu wa kikundi cha kusoma vitabu, watu wazima wenye watoto na mashamba, huanza kutangaza kwenye grupu letu mipango yao ya mwaka mpya. Mmoja atasoma kitabu kizima kila wiki. Mwingine atasoma kila alfajiri kabla ya kukamua ng'ombe. Wa tatu hupiga picha ya kitabu kando ya kikombe cha chai na ua la plastiki, akaandika chini yake "mwaka wa maarifa", na ukiitazama vizuri picha ni ileile ya mwaka uliopita, hata ua halijafutwa vumbi. Mimi huwa sitangazi kitu. Nasoma, basi. Sijawahi kumsikia mtu akitangaza kwamba mwakani atakula ugali.

Tunaishi Mitundu, na Mitundu hakuna duka la vitabu. Lipo duka linalouza madaftari, kalamu na kalenda za mwaka uliokwisha. Kitabu cha hadithi lazima kiagizwe Dodoma au Dar, basi likishushe njia panda ya Mkiwa, na hapo kisubiri gari la kuja huku kwetu, kama litakuja. Kwa hiyo kikundi hununua nakala moja tu. Zamani mtu akiipata aliikalia mpaka wengine tunasahau kama tulichangia. Ndipo mwenyekiti wetu akapata wazo ambalo mpaka leo hulitaja utadhani yeye ndiye aliyeleta umeme: kitabu kikatwe.

Fundi viatu wa sokoni ndiye anayekata. Hukilaza kitabu juu ya gogo lake, akakipasua mgongoni kwa kisu cha soli kikawa vipande vitatu, kisha kila kipande akakishona kwa uzi wa viatu na kukipaka gundi. Vipande hivyo tunaviita kichwa, tumbo na mkia, kana kwamba tumechinja. Unachukua kilichopo, ukimaliza unampa wa zamu inayofuata. Hakuna anayejali kama umeanzia mbele au nyuma.

Sasa fikiria uhakiki unaotokana na usomaji wa namna hiyo. Mwenye duka la pembejeo hupenda kuanzia mkia, maana anasema kichwa kinachosha, na kila mwaka mpya husimama kwenye mkutano wetu na lalamiko lilelile, kwamba waandishi wa siku hizi hawajui kutambulisha wahusika. "Watu wanaingia tu, wanalia, wanakufa, mimi siwajui!" Mke wa mchungaji aliwahi kusoma kichwa peke yake cha hadithi ya mauaji, akaisifu mbele yetu kwa kuwa ni ya amani na haina damu. Watu wakampigia makofi. Nilikaa pale nimekunja mikono, najiuliza nilimkosea nini Mungu.

Na mwenyekiti mwenyewe. Ana duka la dawa. Kwa kuwa anauza vidonge vya maumivu na vya minyoo, mji mzima unamwita dokta, naye anaitika bila aibu. Ni mtu wa umri wa baba yangu, kwa hiyo nikimkuta lazima nimwamkie shikamoo, na hiyo shikamoo hunikwama kooni kama mwiba wa samaki. Sijawahi kumwona ameshika kitabu isipokuwa kuna mtu anamtazama.

Utaniuliza, basi kwa nini hukutoka kwenye kikundi? Kwa sababu ya mama.

Mama alikuwa akiishi nami. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na hata yalipokuwa mazima hakufundishwa kusoma. Kila jioni tukishakula nilimsomea, huku nikigeuza Kiswahili cha kitabuni kuwa Kinyaturu. Kiswahili alikielewa, ila alisema hadithi ya Kiswahili inamfanya ajione yuko kwenye mkutano wa hadhara. Mshahara wangu wa ualimu wa msingi haukutosha kununua vitabu kwa kasi ya masikio yake. Wale wajinga walinifaa kwa michango yao.

Mwaka mmoja kikundi kilinunua hadithi ya mwanamke anayetoroka kwa mumewe kabla hakujapambazuka, kwa sababu ya kipigo, akiwa na mtoto wake mdogo mgongoni. Kichwa nikamsomea mama, tumbo nikamsomea. Tumbo lilikatikia mahali pabaya kuliko pote: mwanamke amefika ukingoni mwa mto, mto umejaa, nyuma yake mashemeji wanapiga kelele arudi. Mama akauliza tu mkia uko kwa nani. Siku nyingine angekuwa amekwisha kuwatukana wote, mashemeji na mto pamoja.

Nilijua kwa nini. Mama naye aliondoka hivyo. Aliolewa huko upande wa Mungaa, na wakati wa mvua, mimi nikiwa mgongoni, alivuka korongo lililojaa maji akaenda kwa kaka yake. Baba aliendelea na maisha yake mpaka akafa. Ndugu wa pande zote mbili walimsema mama miaka nenda miaka rudi, naye hakuwahi kuwajibu, wala mimi hakuniambia kama aliona alifanya sawa au alikosea. Sikuthubutu kumuuliza. Sasa alikuwa amekutana na mwanamke kama yeye kitabuni, na alitaka kujua mtu aliyesoma, mtu wa kuandika vitabu, atamfanya nini mwanamke wa namna hiyo. Kwake ule mkia ulikuwa hukumu.

Na muda haukuwa mwingi. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na nesi wa zahanati alinivuta pembeni akaniambia nisimhesabie misimu mingi ya mvua.

Mkia ulikuwa kwa dokta. Aliuchukua alizeti zikiwa shambani. Nilimpitia dukani. "Shikamoo dokta." "Marahaba, madam. Namalizia, namalizia." Alizeti ikavunwa, ikakamuliwa, mafuta yakapikiwa yakaisha, dokta bado anamalizia. Kila jioni mama aliuliza, "Mkia umekuja?" Nilimsomea vingine, akavisikiliza kama mtu anayemvumilia mgeni asiyeaga. Mvua zikaanza, akawa halali tena chali, namwegemeza kwenye mito, na bado anauliza. Nilimchukia yule mzee, nasema kweli. Nilimchukia kwa moyo wote.

Kwa kanuni zetu, siku ya mwaka mpya kila kipande lazima kirudi. Tulikutana kwa dokta baada ya ibada, chini ya turubai, udongo umelowa na viti vinazama. Tukala wali na kuku wa kienyeji. Kisha uhakiki ukaanza, na dokta akasimama wa kwanza, amevaa koti.

"Mwandishi huyu," akasema, "ametumulika. Ameigusa jamii. Ametuonyesha tulikotoka na tunakokwenda."

Maneno hayo unaweza kuyasema juu ya kitabu chochote, hata cha mapishi. Nikanyoosha mkono.

"Dokta, samahani. Yule mtoto wa mgongoni, aliishia wapi?"

Akanywa maji. Akayanywa taratibu sana.

"Mtoto yule, madam, ni ishara."

"Ishara ya nini?"

"Ya kesho yetu."

Makofi. Mke wa mchungaji akatikisa kichwa kwa kuguswa. Dokta akaona mambo yamemnyookea, akaunganisha na mpango wake wa mwaka: kitabu kimoja kila wiki, kama mwaka uliopita. Kama mwaka uliopita! Nikajiuma ulimi.

Kisha vipande vikaletwa mezani. Nikauwahi ule mkia. Lazima niseme kwamba fundi wetu akipaka gundi huwa inamwagikia ndani, ikazishika pembe za kurasa za mwanzo, na msomaji wa kwanza hana budi kuzipasua kwa wembe. Nikaufungua. Kurasa zilikuwa zimeshikana vilevile zilivyotoka kwa fundi. Hakuna binadamu aliyekuwa amezifungua.

Furaha iliyonijia ilikuwa furaha mbaya, na niliifurahia. Watu wote walikuwepo, mke wa dokta yupo, mchungaji yupo. Nilichotakiwa kufanya ni kuinua tu ule mkia na kumwomba dokta atusomee ukurasa wa pili. Nilimwangalia. Naye alikuwa ameona nilichokiona, na jasho lilimtoka kwenye paji la uso, siku ya mvua.

Hapo mwenye duka la pembejeo akanyoosha mkono. "Lete, madam. Hiyo ni zamu yangu."

Ilikuwa kweli zamu yake. Na msimu wa mbolea na mbegu ulikuwa umeanza, kipande kikiingia dukani mwake hakitoki mpaka watu wamalize palizi. Mama asingefika palizi. Mtu pekee mwenye uwezo wa kubadilisha zamu ni mwenyekiti.

Nikaufunga ule mkia. Nikasimama, na kwa sauti ninayoitumia mkaguzi wa shule akija darasani, nikasema kwamba katika uhakiki wote niliousikia kwenye kikundi hiki, wa mwenyekiti ndio umenigusa zaidi, hasa ile sehemu ya mtoto. Nikaomba kwa heshima zamu ibadilishwe, kwa kuwa nyumbani nina mgonjwa anayesubiri mwisho wa hadithi hii.

Dokta akashusha pumzi mpaka koti likalegea.

"Mpeni madam," akasema. "Msomaji wa kweli anajulikana."

Nikautia mkia kwenye mkoba. Nikasema asante, dokta. Nikaondoka kabla ya hotuba ya kufunga.

Nilimkuta mama ameegemea mito, uso kaelekeza mlangoni. Nikamwambia mkia umekuja. Akajiweka sawa, akavuta khanga yake mabegani, kama anayemkaribisha mkwe. Nikazipasua kurasa kwa wembe, na kwa kuwa ni mwalimu na nimezoea kupitisha macho haraka, nikatazama mwisho kwanza.

Takataka. Mwanamke anarudi. Anageuka pale pale ukingoni, anawafuata mashemeji, anapiga magoti mbele ya mumewe na kuomba radhi. Mbuzi anachinjwa. Mtoto anacheka. Jua linachomoza, bila shaka.

Nilijua naweza kuubadilisha. Hadithi ilikuwa inapita mdomoni mwangu, inageuka Kinyaturu, nani angejua? Niliwaza hivyo wakati natafuta taa ya sola na kuiwasha. Lakini mama alikuwa amedanganywa vya kutosha na watu waliosema wanamtakia mema, na mimi sikutaka kuwa mmoja wao. Nikasoma kila neno. Magoti nikayasoma, mbuzi nikamsoma, kwa sauti kavu. Nilipomaliza niliogopa kumtazama.

"Aliyeandika ni mwanamume?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Amewahi kuvuka maji yaliyojaa, na mtoto mgongoni?"

"Sidhani."

"Basi angeuliza." Akakohoa, akapumzika. "Mto wenyewe hata hakuuvuka, huyo mwanamke. Miezi yote nimemngoja, kumbe ni wa kupiga magoti."

Akafumba macho. Nilidhani ndiyo basi, amechoka, nikaanza kumfunika miguu. Ndipo akasema, bila kuyafumbua:

"Alivuka. Maji yalimfika hapa kifuani, akavuka. Akafika kwa kaka yake, wakamsema mpaka wakachoka wao. Akalima, akala. Mtoto akakua, akawa mwalimu. Mdomo mkali, rafiki hana hata mmoja, lakini mwalimu." Akatafuta mkono wangu juu ya shuka mpaka akaupata. "Waambie hivyo wale wenzako. Halafu kesho uniletee kingine, na kiwe kinene."