Mzee wa Sabuni na Balozi Wangu Mchanga

Jirani yangu anasema mzee wa sabuni anaposa mahali, maana kila Jumatatu huvaa koti, hujipaka mafuta na kuondoka anatabasamu peke yake. Kumbe wala haposi. Wakati wa vita yeye na wenzake sita waliwauzia wanajeshi wa kigeni sabuni, maharage na mikate. Vita vikaisha, wanajeshi wakarudi kwao, na malipo hayajaja mpaka leo. Wenzake wamemtuma kwa balozi wa nchi hiyo kwa sababu yeye ndiye mwenye koti. Hati zao za madai hazigusi kabla hajanawa mara mbili, na mikono yenyewe imechubuliwa na magadi ya kupikia sabuni mpaka inang'aa. Miezi yote hii ameishia kwa mlinzi getini pa ubalozi. Sasa amepewa miadi, kesho ataingia ndani. Basi leo amekuja kibarazani kwangu kufanya mazoezi, na mwanangu wa miezi mitano ndiye balozi.

“Mheshimiwa,” akamwambia, ameinama, “wenzangu wawili wameshakufa wakisubiri.”

Balozi akasinzia kabla hotuba haijafika kwenye maharage. Mzee akakunja hati taratibu.

“Binti yangu, huyu mpole mno,” akaniambia. “Kesho asubuhi, kabla sijaenda ubalozini, nitapita tena. Tafadhali, usimnyonyeshe kwanza. Nataka nimzoee akiwa amekasirika.”