Klementina na pangaboi la ndege ya mumewe

Upepo wa Ufipa bado haujaamka, na Klementina Wilibrodi anajua hana muda mwingi. Anamwagia maji sakafu ya karakana yake hapa Izia, mjini Sumbawanga, ili vumbi lilale. Anafunga dirisha, kisha anafunua shuka. Juu ya meza ya useremala limelala pangaboi la ndege, la mbao ya mninga, refu karibu sawa na yeye.

"Vanishi haipendi vumbi," anasema akichovya brashi. "Upepo ukianza hapa kwetu, hata chai unakunywa na mchanga. Kwa hiyo usinisemeshe kwanza mpaka nimalize upande huu."

Mwandishi wa makala haya anasogea pembeni. Brashi inatembea taratibu kutoka katikati hadi nchani, na kila inapopita, mistari ya mninga iliyokuwa imefifia inajitokeza upya, myekundu na ya kahawia.

Kwa kawaida meza hii hubeba vitanda, milango na, misiba inapozidi, majeneza. Klementina, mwenye umri wa miaka 51, alifundishwa useremala na baba yake, aliyekuwa akitengeneza mabenchi ya kanisa huko Milanzi. Vitanda ndivyo vilivyomsomesha binti yake, Rahel, hadi akawa muuguzi. Ndege haijamwingizia hata shilingi.

"Hii ni kazi ya mapenzi," anasema, kisha anaona haya na kurudi kwenye brashi yake.

Ndege yenyewe iko nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai. Ina kiti kimoja, mbavu za mabomba ya alumini, mabawa ya kitambaa kilichopakwa rangi nyeupe, na injini kuukuu iliyoletwa kwa lori kutoka Nairobi. Aliyeiunda ni mumewe, Kija Bundala, fundi wa mashine za kusaga nafaka, na imemchukua miaka tisa.

Wazazi wa Kija walihama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, wakaweka makazi Ilemba, chini bondeni. Huko, akiwa machungani, aliona ndege ndogo ikitua. Ilikuwa imekuja kunyunyizia dawa ya kuua kweleakwelea.

"Rubani aliniruhusu niguse bawa," anasimulia Kija. "Niliporudi nyumbani, ng'ombe wawili hawaonekani. Nilichapwa siku hiyo, lakini hata sikusikia maumivu."

"Mwaka jana aliposimulia, alikuwa ng'ombe mmoja," anadakia Klementina.

Pangaboi la kwanza Kija alilichonga mwenyewe, kwa mkaratusi. Siku ya kujaribu injini, ndege ikiwa imefungwa kamba kwenye mti, lilipasuka. Kipande kimoja kilitoboa bati la jikoni, kikapita na kutokea upande wa pili.

"Nilikuwa nimetoka humo muda huohuo, nimefuata maji," anasema Klementina. Hakupiga kelele. Aliokota vipande, kisha akamwambia mumewe: "Baba Rahel, wewe shika injini. Mbao niachie mimi."

Akaunda jipya kwa mbao nyembamba za mninga zilizounganishwa kwa gundi, akifuata mchoro na maelekezo ya fundi mstaafu wa ndege aliyeko Mbeya, waliyezungumza naye kwa simu mara nyingi. Pangaboi hilo likakubali.

Lakini mwaka huu mambo yaliharibika. Ndege ilipokuwa ikikimbizwa uwanjani bila kuruka, changarawe zilikwangua kingo za pangaboi. Mvua nayo ilipenya kwenye turubai, vanishi ikaanza kubanduka. Klementina alilifungua akaanza kuikwangua vanishi yote ya zamani kwa kipande cha kioo. Karibu na tundu la bolti akaona mstari, mwembamba kama unywele.

Mkaguzi wa ndege alikuwa anatarajiwa wiki iliyofuata.

"Hiyo ni vanishi tu, Mama Rahel," Kija alimwambia. "Paka, tuendelee."

"Na kama ni ufa?"

"Si ufa."

"Basi mpigie Rahel simu, umwambie mwenyewe kwamba una uhakika."

Kija hakupiga simu. Alichukua kofia yake akatoka, akarudi jioni, na hawakula pamoja.

Asubuhi Klementina alimwita karakanani. Alipaka wino wa bluu juu ya ule mstari, akaufuta kwa kitambaa, akachukua msasa. Kama mbao ilikuwa imepasuka, wino ungezama ndani na kubaki. Pembeni aliweka msumeno.

"Nilishaamua," anasema. "Wino ukibaki, nalikata vipande viwili hapohapo, mbele yake. Maana nikiliacha zima, ipo siku atalifunga."

Kija anakumbuka vizuri. "Mimi nilikuwa nautazama ule msumeno. Miaka tisa yote niliiona pale kwenye meno yake."

Msasa ulipita. Bluu ikapungua, ikawa kama kivuli, ikaisha. Mbao chini yake ilikuwa nzima. Kija alikaa juu ya rundo la mbao akalia, akamwambia mkewe "wabeja", asante ya Kisukuma aliyokuwa akiitumia mama yake.

"Na mimi nililia," anasema Klementina, "ila nilisubiri nifike jikoni."

Siku hiyohiyo Kija alimpigia mkaguzi, akaomba asogezewe tarehe ili vanishi ikauke sawasawa.

Mwandishi anarudi siku chache baadaye. Klementina amepitisha nondo laini katikati ya pangaboi na kuilaza juu ya vyuma viwili vilivyonyooka. Upande mzito ukiwepo, utashuka. Pangaboi linatulia, limelala sawa kabisa. Analigeuza juu chini, linatulia tena. Kija, aliyesimama mlangoni, anashusha pumzi.

"Shikamoo Mama Rahel!" Jirani yao, Jenifa, anachungulia. "Inaruka lini, tuje na vigelegele?"

"Marahaba. Akishafika mkaguzi, mwanangu. Iruhusiwe kwanza."

Mkaguzi akiridhika, Kija anataka kuruka hadi ukingo wa uwanda wa juu wa Ufipa, aone bonde la Ilemba kutoka juu, kisha ageuze. Klementina anataka kurudi kwenye vitanda vya wateja waliomvumilia mwezi mzima. Anapoulizwa kama naye angependa siku moja kupanda, anatikisa kichwa.

"Kuruka ni hamu yake," anasema, akifuta alama ya kidole kwenye mbao. "Mimi nataka nimwone akitua. Azime injini, ashuke kwa miguu yake, aniambie ana njaa."