Kupanda Fizi kwa Gia ya Nyuma

Niliondoka mjini Baraka kwenda kulitetea gari langu, na nilikwenda nalo. Marehemu mume wangu aliniachia watoto wanne na gari kuukuu la otomatiki, ambalo nabebea wachuuzi na ndagala zao, wale dagaa wa ziwani, hadi soko la Mboko. Ndilo linalotulisha. Ukoo wake ulipoitisha kikao kwao Fizi, juu mlimani, kuhusu mali aliyoacha, shemeji yangu Asukulu, mdogo wake, alituma habari kwamba giaboksi imeoza, mwanamke hawezi kulitunza gari la namna hiyo, liuzwe vipande. Nilimpigia simu tukabishana mpaka akachoka. Akatoa sharti, wazee wakisikia.

"Ile gari ifike hapa Fizi na nguvu yake," alisema. "Isisukumwe na bantu, isikokotwe. Ikifika, iko yako. Ikishindwa, tunauzisha."

Nilikubali. Giaboksi ilikuwa mbovu kweli, sikatai. Kila nilipoondoka injini ilinguruma bure kwanza, kisha gari likashtuka na kwenda. Mafundi wa Baraka wamezoea magari ya klachi, na kila mmoja alinishauri niing'oe niweke ya mkono. Niliwajibu kwamba gari ni langu na miguu inayoliendesha ni yangu.

Asubuhi ya safari mama mkwe, ambaye anaishi nami, alitoka na kifurushi chake akaketi kiti cha mbele. Nilimwonya kwamba huenda tukakwama njiani. Akasema anataka kusikia kwa masikio yake mwanawe mmoja akiwanyang'anya gari watoto wa mwingine.

Kwenye tambarare, katikati ya mashamba ya mihogo, gari lilikwenda vizuri. Nilikanyaga mafuta kidogo kidogo, na mama mkwe akasinzia. Nilianza hata kupanga maneno ya kumwambia Asukulu.

Mlimani maneno yakaniishia. Tulipofika penye mwinuko mkali injini ililia, harufu ya kuungua ikajaa ndani, na gari likasimama palepale. Nilikanyaga zaidi, likaanza kurudi nyuma. Nilifunga breki, mama mkwe akashuka akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Niliogopa sana. Niliwaona watoto wangu wakifukuzwa shule, nikamwona Asukulu akicheka.

Vijana wawili wa pikipiki walisimama wakasema watatusukuma. Niliwakataza wasiguse hata taa. Mmoja akaniambia kwa huruma, "Mama, gari ya otomatiki haipandagi huku. Uiache tu."

Ile huruma ndiyo iliyonitia hasira. Niliacha injini ipoe, kisha nikajaribu gia zote moja moja. Za mbele hazikushika. Nilipoweka ya nyuma, gari lilijikaza likalisukuma lile jiwe. Gia ya nyuma ilikuwa nzima.

Nilimwomba mama mkwe aondoe jiwe asogee kando. Nikaliachia gari lirudi taratibu kwa breki hadi barabara inapopanuka, nikikata usukani mpaka pua ikaelekea Baraka na matako yakaelekea Fizi. Mama mkwe alihamia kiti cha nyuma, akageukia kioo, akawa ananiongoza kwa Kibembe. Nikapinda shingo, tukaanza kupanda kinyumenyume. Gari lilikwenda kwa mwendo wa mbuzi, lakini lilikwenda. Kila lilipochemka tulisimama, tukaliacha lipoe, tukaendelea. Watu waliacha majembe waje kutucheka. Wacheke, wao si wenye watoto wangu.

Kwenye kizuizi askari alikuja kwenye taa za mbele kwa mazoea, akakuta tumeshampita. Alituuliza kama tunakwenda au tunarudi. Mama mkwe alimjibu kwamba tunafika.

Fizi tuliingia matako mbele, hadi uani kwa Asukulu, ambako wazee walikuwa wamekwisha kuketi. Wote walisimama. Shingo yangu ilikuwa imekakamaa hata salamu niliitoa kwa upande.

"Hii haihesabike," alisema Asukulu. "Imekuya kinyumanyuma."

"Shemeji, ulisema ifike na nguvu yake," nikamwambia. "Iko hapa. Nani aliisukuma?"

Akamtazama mama yake. Mama mkwe alikuwa bado anashuka, ameshika kiuno.

"Mi nilikuwa ndani," alisema. "Hakuna muntu aliigusa. We ulitoa neno lako mbele ya bazee. Ulimeze sasa?"

Mzee wa kikao akasema gari ni la watoto, na anayeliendesha ni mama yao. Nililia, sikujificha.

Asubuhi iliyofuata hatukuhitaji hata kuligeuza. Tulipowasha, Asukulu akatokea na mkoba wake, akiomba nimfikishe Baraka. Nilimwambia apande nyuma, mbele ni pa mama. Tuliteremka kwa breki na subira, na kwenye tambarare gia za mbele zikashika tena, kwa kununa.

Nilichojifunza ni kwamba mtu akiisha kuamua kuwa huwezi, usimwombe ruhusa ya kujaribu. Sasa nimeagiza giaboksi nyingine kutoka Uvira, na ni ya otomatiki. Asukulu anasema huo ni ujinga. Husema hivyo kila Jumamosi tukienda Mboko, akiwa ameketi kiti cha nyuma.