Mlio Ndani ya Kapu

Yule mwigizaji alianza kazi yake kwa kufa. Alinisimulia mwenyewe, akicheka, nami nimeegemea ufagio wangu katika ukumbi wa sinema wa Digbeth, hapa Birmingham, ninakofanya usafi. Ujanani, huko kwao Marekani, kibarua chake cha kwanza kwenye televisheni kilikuwa kulala juu ya meza ya chuma, maiti wa tamthilia ya polisi. Walipoona anajua kubana pumzi wakamwita tena na tena. Alikufa miaka mingi kabla hajapewa sentensi moja ya kusema. Baadaye akawa askari wa gereza, dereva wa teksi, jirani aliyesikia risasi. Mwisho akachoka kungoja kuitwa, akashika kamera yake, na tangu hapo filamu zake huziandika, huziongoza na kuziigiza mwenyewe, hana kampuni nyuma yake.

Nilizipenda, nisiseme uongo. Ukumbi wetu, ambao zamani ulikuwa ghala, ulizionyesha wiki nzima, na mimi nilisimama nyuma na ndoo yangu. Moja ni ya mtu anayejenga uzio kuzunguka nyumba ambayo hakuna anayeitembelea. Nyingine ni ya mwana anayemuuguza baba yake, na mzee anakata roho polepole mpaka watu wanaacha kutafuna bisi. Nilimuuliza alimpata wapi mzee hodari kiasi kile. Akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba yule alikuwa baba yake mzazi, na kwamba hakuizima kamera.

Hapo ndipo ningepaswa kushika njia yangu. Mtu aliyemtazama baba yake akifa kupitia tundu la kamera si mtu wa kumkaribisha chai. Nami nilimkaribisha, tena nyumbani kwangu Kingstanding, tena kwa maandazi, kwa kuwa aliniambia filamu inayofuata ni ya familia ya Wakongo wanaomzika ndugu yao ugenini, na alitaka watu wazungumzao Kiswahili, si waigizaji. Kichwa kilinivimba. Nilijiona nyota.

Siku hiyo mdogo wangu alikuwa ametoka kazini Longbridge, yuko jikoni anakula. Mwamerika alimtazama kama fundi anayempima mtu suti, kisha akasema, "Huyu ndiye maiti wangu."

Nilikataa. Kwetu Tanga, mtoto akijifunika shuka gubigubi mchana akajifanya amekufa, huchapwa, maana anajichuria, anajiitia mauti. Mdogo wangu akacheka na tonge mdomoni.

"Dada, na wewe na mambo yako ya kizamani! Ni muvi tu. Si nitaamka nije nile?"

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nilimwambia hivyo, halafu nikakubali.

Mama yetu alikuwa Tanga, na alikuwa na presha. Daktari alishaonya asipewe habari nzito ghafla. Kila nikimpigia, kabla hata hajaitikia salamu, aliuliza, "Mwenzio anakula?" Mdogo wangu ndiye kitinda mimba, na mimi ndiye niliyekabidhiwa. Tukapatana tusimwambie kuhusu filamu mpaka ikiisha, aione acheke.

Mwamerika alikuwa na masharti. Hataki kitu cha bandia. Sauti yoyote iliyoingia haifutwi, na tukio hupigwa mara moja tu. Kwenye jeneza alitaka picha ya kweli ya mdogo wangu, katika fremu yake ya kweli. Nikaiangua ukutani ile ya studio aliyopiga siku ya kuondoka, amevaa koti la kuazima. Pacha wake yuko ukutani kwa Mama. Mimi ndiye niliyeiangua, hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa mvua, mlemle ukumbini mwetu Digbeth. Mdogo wangu alilala ndani ya jeneza na poda usoni, picha yake kifuani, mishumaa pande zote. Jirani yangu, mama Mkongo aliyekuja kulia pamoja nasi, alitoa simu akapiga picha.

"Dada, niko natia tu ku groupe, watu baone tuko ku cinéma," alisema. "Vraiment, kaka iko mzuri!"

Akaituma kwenye kundi letu la Waswahili wa Birmingham, bila neno lolote chini yake. Sisi hatuulizi picha yenye jeneza na mishumaa. Mtu huandika pole, kisha huisukuma mbele kwa wengine. Papo hapo msaidizi akapita na kapu kukusanya simu zetu, zote zimezimwa sauti. Mwamerika, aliyekuwa padri wa filamu yake, akavaa joho na kuinua mkono.

Nililia. Nilimwita mdogo wangu kwa jina la utotoni, lile la Mama. Wenzangu wakanifuata, na ghala zima likaitika.

Tulipomaliza nililiendea kapu. Mama alikuwa amenipigia mara tisa. Mdogo wangu alimpigia palepale, poda bado usoni. Jirani wa Mama ndiye aliyepokea, akasema ile picha imeshafika Tanga. Mama alikuwa ameanguka, mdomo umekwenda upande. Wakamwekea simu sikioni, na mdogo wangu akapiga kelele, "Mama, ni mimi, mzima!" Jirani alisema Mama alifumbua macho. Hatujui kama alisikia.

Alifariki siku ya pili. Mdogo wangu alifika Tanga akakuta turubai limeshafungwa. Watu waliokuja kumlilia yeye walibaki kumzika Mama.

Mama Mkongo alikuja kwangu akapiga magoti sebuleni. "Dada, unisamehe." Sikuweza kumfokea. Pale ukutani msumari ulikuwa mtupu.

Filamu ilisifiwa kuliko zote alizowahi kufanya, hasa kwa kile kilio. Kabla ya kuionyesha Digbeth nilimwomba afute sauti moja tu. Alinishika mkono, macho yamemlowa, akasema samahani, lakini hajawahi kufuta sauti ya kweli, hata ya baba yake. Nilimchukia. Bado namchukia.

Nilikwenda, nikasimama nyuma na ndoo yangu. Kwenye skrini mdogo wangu amelala, nami nalia. Chini ya kilio changu kuna mngurumo mdogo, kama nzi aliyenaswa chini ya kikombe. Ni simu yangu kapuni. Hakuna mtu ukumbini aliyegeuza shingo. Mngurumo unakatika, unaanza tena, unakatika. Mimi nilikuwa nauhesabu. Baada ya mara ya tisa ukanyamaza, na pale kwenye skrini mimi naendelea kulia, tena vizuri sana.