Nilifomati Disk Haraka, Shemeji Yangu Akafukuzwa Kazi

Admini, ukiiweka hii tafadhali ondoa jina langu, maana hapa Bujumbura wengi wananijua. Ni mwanamume wa miaka 43, nina mke na watoto watatu, natengeneza kompyuta Buyenzi. Nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Mwaka jana mdogo wake mke wangu alikuwa anapokea wagonjwa kwenye kliniki moja huko Kigobe. Ni yeye aliyenitafutia kazi pale, ya kubadilisha kompyuta zao. Mkubwa wa kliniki akaniambia zile kuukuu nizichukue, niuze. Nikamwambia, "Dokta, kwanza nisafishe disk, ndani muna majina ya wagonjwa." Akacheka. "Fundi, si umezizima? Mashini ikizima inasahau."

Alikuwa anachanganya. Inayosahau umeme ukikatika ni RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi. Disk haisahau. Hata ukifuta faili, lenyewe linabaki mle mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Haya nayajua vizuri. Lakini kusafisha disk kikamilifu ni masaa, na wiki ile umeme ulikuwa unakuja na kuondoka. Nikafomati haraka, ile njia ya kufuta orodha ya mafaili tu, dakika mbili, nikauza.

Moja ilinunuliwa na baba mmoja wa Gasenyi mwenye duka la kuchapa barua. Siku moja akafuta picha za mteja kwa bahati mbaya, akaweka programu ya kuzirudisha. Zikarudi, na majibu ya vipimo vya kliniki yakarudi pamoja nazo. Humo akaona jina la binti wa mtaani kwake, mchumba wa watu, ameshatolewa mahari. Akamwambia mkewe. Basi. Haikupita wiki wakwe wakajua ugonjwa wa yule binti, ndoa ikavunjika.

Wazazi wa binti wakaenda kliniki kwa hasira. Dokta hakuuliza mengi. Nani anashika mafaili? Shemeji yangu. Akafukuzwa siku ileile.

Sikujua chanzo mpaka yule baba wa Gasenyi aliponiletea kompyuta. "Fundi, hii mashini uliniuzia ina siri za watu. Mi sitaki matatizo, toa yote." Ningeweza kuipeleka kwa Dokta vilevile ilivyo. Hofu ikanishika. Nikaisafisha disk yote, safari hii kikamilifu, masaa matano nimekaa naitazama. Ushahidi uliokuwa umtetee shemeji nimeuua kwa mkono wangu. Na yule baba ameniapia kwamba akiulizwa atasema hajui kitu.

Sasa ni miezi saba shemeji anaishi kwangu. Kazi hapati, kila kliniki imesikia. Mke wangu mwenyewe ameanza kuninong'oneza, "Au kweli alisema?" Juzi mchana tulikuwa tunakula, shemeji akaniambia, "Shemeji, we peke yako ndiye hujaniuliza kama ni mi nilisema. Mungu akulipe."

Nikisema, ndoa yangu sijui, kazi yangu sijui, pengine hata jela. Na yule binti wa Gasenyi, hata nikitubu, nitamrudishia nini?

Ndugu zangu mnaosoma, msinitukane tu. Nishaurini: nianze kumwambia nani, na nianzie wapi?