Dereva Namba Moja

Ujumbe ulimkuta Musyimi ameegesha gari karibu na soko la Kalundu, mjini Kitui. "Ndugu Dereva, abiria hawaridhiki. Nyota wanazokupa zikizidi kushuka, akaunti yako itafungwa. Usijibu ujumbe huu." Akajibu hata hivyo, akauliza kosa lake ni lipi. Akaletewa maneno yale yale. Mimi nasema wazi: kampuni hiyo ya kuita magari kwa simu ina mdomo, masikio haina.

Kilichomkosesha usingizi ni gari. Lilikuwa la Nderitu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, naye alishasema akaunti ikifungwa, funguo zirudi siku hiyo hiyo. Hapo Musyimi angekuwa amemwaga unga, arudi Tseikuru kuchunga mbuzi wa kakake.

Basi akaanza kushuku kila abiria. Je, ni yule mwalimu aliyebamiza mlango? Au yule msichana aliyenuna njia nzima? Akazima redio, akaacha kupiga soga. Madereva wenzake hakuthubutu kuwaambia, maana Nderitu hakosi watu wa kumnong'oneza. Siku zikapita kwa salamu na kwaheri, jioni akajifungia katika chumba chake cha kupanga. Upweke ulimtafuna kwelikweli.

Aliyebaki kuzungumza naye ni Mwaitu Ndunge, yaani Mama Ndunge kwa Kikamba, mzee aliyekwenda kliniki ya sukari kila Jumatano. Bintiye aliye Nairobi alimnunulia simu na kumfundisha kuita gari. Musyimi alikuwa akiegesha karibu na lango lake ili mama asichukuliwe na dereva mwingine. Mama akishaketi, humgombeza kwa kukosa mke, kisha humwombea kwa sauti gari likitembea.

Jumatano moja, walipofika kliniki, mama aliinua simu hadi puani. "Ngoja nikupee maksi zako," alisema. "Mimi siwezi sahau. Kila siku nakupea namba moja."

Kidole kilikuwa kinaelekea nyota ya kwanza. Musyimi akamshika mkono.

"Mwaitu, hapo moja ndio ya mwisho. Dereva mzuri anapewa tano."

"Tano? Watoto wangu walikuwa wanaficha ripoti wakiwa namba tano." Alicheka, kisha akauona uso wa Musyimi.

Hapo ndipo kijana alipoteleza. Kwa furaha ya kumpata mchawi wake, akamsomea ujumbe wote, akamweleza na habari ya Nderitu. Angenyamaza tu! Mama aliinamisha kichwa.

"Kumbe ni mimi nakufuta kazi," alisema. "Na vile nilikuwa nakuombea."

Akabonyeza tano, akashuka bila kuaga.

Nyota zilipanda, kampuni ikatuma pongezi. Jumatano iliyofuata Musyimi aliwahi langoni. Mwaitu Ndunge akatoka, akaliona gari, akavuka barabara kwa miguu yake mibovu na kusimamisha bodaboda. Musyimi akashusha kioo, akamwita.

"Wacha tu, mwanangu," mama alisema bila kumtazama. "Nisikuharibie tena."

Akapandishwa, akaketi upande, mkono mmoja umeshika leso. Bodaboda ilikuwa haijafika kwenye kona simu ya Musyimi ilipolia. Ni abiria mwingine, yuko karibu. Akamkubali, maana kazi sasa alikuwa nayo.